KUFEKI NI NENO JIPYA, DHAMBI YAKE NI YA ZAMANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mjuzi wa yaliyofichika na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, muaminifu, kabla hata hajapewa utume. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu. Naomba ulisome mpaka mwisho, kwa sababu ndani yake mna haki za watu, na haki za watu hazifutwi kwa istighfar peke yake.

Kuna neno limeenea kwenye midomo ya vijana wetu, na sasa hata watu wazima wanalitumia: KUFEKI. Fulani anafeki maisha. Fulani kafeki umri. Akaunti feki, picha feki, mchumba feki. Na linatamkwa kwa kicheko. Mtu anakaa barazani na wenzake anasema, "Pale mimi nilifeki tu," wote wanacheka, chai inaendelea kunyweka. Mtu huyo huyo angesema, "Pale mimi nilidanganya," wangemtazama mara mbili. Jambo ni lile lile. Kilichobadilika ni jina, na jina ndilo lililoondoa aibu.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na neno hili.

Sisi tuna ufundi mkubwa wa kuipa dhambi jina la utani. Zinaa tukaiita mchepuko. Rushwa tukaiita chai. Sasa uongo, hadaa na ulaghai tumeviweka kwenye mfuko mmoja tukauandika kufeki, na mfuko umekuwa mwepesi mpaka mtoto wa miaka kumi na mbili anaubeba. Mtume (S.A.W.) alishatutahadharisha na mtindo huu. Abu Daud na Ibn Majah wamepokea kwamba watatokea watu katika umma wake watakaokunywa pombe huku wakiiita kwa jina lisilokuwa lake. Wanachuoni wakatufundisha hapo kanuni: hukumu inafuata uhalisia wa kitu, haifuati jina lake. Ukiiita pombe juisi, inabaki pombe. Ukiuita uongo kufeki, malaika wa kuandika anauandika uongo.

KAMBARE

Maradhi haya si ya kwetu peke yetu. Wamarekani wana neno lao. Mtu anayejifanya mtu mwingine mtandaoni wanamwita catfish, yaani kambare. Neno hilo lilipata umaarufu kutokana na filamu ya matukio ya kweli yenye jina hilo hilo, iliyotoka mwaka 2010. Kijana mmoja mpiga picha wa New York alimpenda binti aliyemfahamu kupitia Facebook. Alipofunga safari mpaka jimbo la Michigan kumtafuta, hakukuwa na binti. Kulikuwa na mwanamke wa makamo, mke wa mtu, aliyekuwa amemtunga binti yule, na akamtungia na marafiki wa kumzunguka ili aonekane ni wa kweli.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2012, mchezaji maarufu wa chuo kikuu cha Notre Dame aitwaye Manti Te'o aliambiwa kwamba mchumba wake amefariki kwa saratani ya damu. Msiba huo ulimfika wakati mmoja na kifo cha bibi yake mzazi. Magazeti na televisheni za Marekani zikaomboleza pamoja naye. Januari 2013 ikabainika kwamba msichana yule hakuwahi kuwepo. Hakuzaliwa, hakuugua, hakufa. Kijana alimlilia mtu aliyetungwa kwenye simu.

Nasi Waswahili tunamjua kambare. Wazee wetu walisema nyumba ya kambare, baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu, humjui mkubwa ni nani na mdogo ni nani. Angalia mitandao yetu leo. Kijana wa miaka kumi na tisa ni "mkurugenzi". Mwanamume ni "dada". Tapeli ni "sheikh". Wote wana ndevu!

SWALI HILI MTUME (S.A.W.) ALIULIZWA

Wengi wanadhani jambo hili ni la zama za simu, kwamba dini haina la kusema juu yake. Sikiliza.

Amepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa bibi Asmaa binti Abubakar (r.a.) kwamba mwanamke mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ana mke mwenza. Akauliza kama atapata dhambi iwapo atajionyesha kwamba mume wake amempa kitu ambacho hakumpa.

Zingatia swali lenyewe, dada yangu. Huyu mama hakuuliza kuhusu kuiba. Hakuuliza kuhusu kumtapeli mtu dirhamu hata moja. Aliuliza kuhusu kujionyesha tu, ili mwenzake aumie moyo. Kwa lugha ya leo, aliuliza: naweza kurusha status ya zawadi nisiyopewa, ili yule wa pili aione?

Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba anayejionyesha kushiba kwa asichopewa ni kama mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

Kwa nini nguo mbili? Wanachuoni wamelieleza hilo kwa njia kadhaa. Wapo waliosema Waarabu walikuwa wakivaa vipande viwili, kikoi cha chini na shuka ya juu, kwa hiyo mtu huyu amejifunika uongo kuanzia utosini mpaka miguuni. Wapo waliosema ni uongo mara mbili: amejizulia nafsi yake kuwa anacho, na amemzulia mwingine kuwa amempa. Wapo waliosema ni yule anayevaa mavazi ya wachamungu ili adhaniwe kuwa ni mmoja wao. Na Imam An-Nawawi ametaja maelezo mengine, kwamba ni mtu mwenye kanzu moja anayeiunga mikono mingine juu ya mikono yake, ili watu wakimwona wadhani amevaa kanzu mbili.

Subhanallah! Mikono ya kuunga! Mtu ana kanzu moja, anataka aonekane ana mbili. Wa leo ana chumba kimoja cha kupanga, anakwenda kupiga picha kwenye ukumbi wa hoteli aonekane analala pale. Anaegemea gari la watu lililoegeshwa. Anaazima simu ya rafiki ili kioo kionyeshe nembo yake. Ni mikono ile ile ya kuunga, fundi tu ndiye aliyebadilika. Na wahenga hawakukosea waliposema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Allah naye katika Surat Aal Imran, aya ya 188, amewakemea wale wanaopenda kusifiwa kwa mambo wasiyoyafanya, na akamwambia Mtume wake asiwadhanie kuwa watasalimika na adhabu. Wewe unayepokea pongezi za shahada ambayo hukuisomea, aya hii isome kwa utulivu.

MBUZI ALIYEFUNGWA KIWELE

Tuingie sokoni, maana huko ndiko kufeki kulikoota mizizi.

Zamani mtu akitaka kuuza mbuzi au ngamia mwenye maziwa machache, alikuwa anafanya ujanja. Anamfunga kiwele siku mbili tatu bila kumkama. Kiwele kinajaa, kinaning'inia. Mnunuzi akija anasema mashallah, huyu ana maziwa. Anatoa pesa, anakwenda naye nyumbani, anakama siku ya kwanza, kesho yake kiwele kimesinyaa.

Mtume (S.A.W.) amekataza hilo, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Akampa mnunuzi hiari: akiridhika ambakishe, na asiporidhika amrudishe mnyama pamoja na pishi ya tende, badala ya maziwa aliyokama.

Mbuzi yule hakusema neno. Muuzaji naye huenda hakusema neno, hakutamka kwamba mbuzi wake anatoa lita kadhaa. Aliacha kiwele kiseme. Ndiyo maana nawaambia wale wanaojitetea kwamba "mimi sikusema uongo, niliweka picha tu": na yule aliweka kiwele tu! Picha uliyoibadilisha rangi, ukapunguza kiuno, ukafuta miaka kumi usoni, kisha ukaipeleka kwa mtu anayekuja kuposa, ni kiwele kilichofungwa.

Na kuna jambo jingine lilikatazwa sokoni, linaitwa najshi. Mtu asiyetaka kununua anasimama kwenye mnada anapandisha bei, ili mnunuzi wa kweli adhani bidhaa inagombaniwa. Sasa hivi tunayaona kwenye kila tangazo la dawa ya nguvu na mafuta ya kung'arisha: akaunti thelathini chini yake, "Mimi nimetumia nimepona", "Huyu dada ni muaminifu, nilipokea mzigo wangu jana". Akaunti zote thelathini ni za mtu mmoja amekaa kitandani na simu mbili. Hiyo ni najshi, na ni haramu kwa nassi, haihitaji fatwa mpya.

ALIYEUMIA

Sasa niwape kisa kimoja, kwa idhini ya mwenyewe, bila jina wala mtaa.

Dada mmoja, mjane, fundi cherehani mwenye watoto, alikuja msikitini akiongozana na kaka yake. Alikuwa kwenye grupu la WhatsApp la kutafutiana wachumba wa Kiislamu. Huko akapata mwanamume aliyesema ni Mtanzania, mhandisi, anafanya kazi Muscat. Miezi mitano walizungumza. Hakumtongoza kihuni. Alimpa salamu kamili, alimwombea dua marehemu mume wake, na kila alfajiri alimpigia kumwamsha kwa ajili ya swala.

Kisha akasema wafunge nikaha kwa simu ili mazungumzo yao yawe halali. Akaletwa "sheikh" kwenye simu, akasoma hotuba ya nikaha, zikasikika sauti mbili za mashahidi. Dada alipouliza kuhusu walii, akaambiwa mjane hahitaji walii, anajioza mwenyewe. Baada ya wiki mbili akaambiwa mahari yake, dhahabu na vitenge, imeingia bandarini na imekwama, itakiwe ushuru. Akatuma akiba yake yote. Ikatakiwa nyongeza. Akauza cherehani moja kati ya mbili alizokuwa nazo. Kisha namba ikazimwa, ya bwana harusi, ya sheikh na za mashahidi, zote siku moja.

Nilidhani amekuja kwa ajili ya pesa. Hakuuliza pesa. Aliniuliza: "Sheikh, mimi sasa ni mke wa mtu? Nikitaka kuolewa, nitaachwa na nani?"

Nikamwambia: wewe si mke wa mtu. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, nikaha haifungwi bila walii na mashahidi wawili waadilifu. Ni kweli mjane haozwi mpaka aamue mwenyewe kwa kauli yake, lakini anayefungisha bado ni walii, na wewe walii wako amekaa hapa pembeni yako na hakuulizwa. Mume hajulikani ni nani, sheikh hajulikani ni nani, mashahidi hawajulikani. Hilo ni igizo. Na eda huna, kwa sababu hakuna ndoa, na hata ndoa ya kweli ikivunjika kabla ya kuingiliana Allah ameiondolea eda katika Surat Al-Ahzab, aya ya 49.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza: "Na zile alfajiri alizokuwa ananiamsha, swala zangu zinahesabiwa?"

Wallahi ndugu zangu, sijasahau swali lile. Nilimwambia swala zako ni zako, nia ilikuwa yako na uliyemsujudia ni Allah. Yeye atajibu kwa lililo lake.

Wewe unayesema kufeki ni mchezo, nenda kamwambie mama huyu ni mchezo. Mtu alikichukua alichokuwa nacho, na kidogo amwachie shaka hata katika sijda zake!

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

HOJA YA KWANZA: "Ni mtandao tu, si maisha halisi."

Pesa zilizotumwa zilikuwa halisi. Cherehani ilikuwa halisi. Allah anasema katika Surat Qaf, aya ya 18, kwamba hakuna kauli anayoitamka mtu isipokuwa yupo mwangalizi aliye tayari. Na katika Surat Yasin, aya ya 65, ametaja siku ambayo vinywa vitafungwa na mikono itazungumza. Mkono huo ndio unaoandikia. Hujui kwamba umebeba shahidi wako?

HOJA YA PILI: "Nafeki mpaka nitakapofanikiwa. Watu hawampi kazi mtu asiyeonekana."

Hii inasemwa na wahamasishaji kwenye makongamano, na vijana wanaipokea kama wahyi. Amepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Hakim bin Hizam (r.a.) kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha kasoro, biashara yao inabarikiwa, na wakificha na kusema uongo, baraka inafutwa. Inafutwa! Unaweza kupata pesa ukakosa baraka, na unawajua watu hao mtaani kwako. Tena angalia gharama. Kuonekana tajiri ni ghali kuliko kuwa na hali ya kawaida. Vijana wanachukua mikopo ya kausha damu ili wapige picha za siku ya kuzaliwa. Picha inakaa siku moja kwenye status, mkopo unakaa mwaka.

HOJA YA TATU: "Allah ni mzuri na anapenda uzuri. Mnataka tuwe wachafu?"

Hadithi ya uzuri ni sahihi, kaipokea Muslim, na hakuna anayekukataza kupendeza. Vaa nguo yako nzuri, jipake manukato mwanamume, dada mpambie mumeo. Imepokewa pia kwamba Allah anapenda kuona athari ya neema Yake kwa mja Wake. Soma vizuri: neema YAKE aliyokupa. Iliyoazimwa kwa jirani si yako kuionyesha.

HOJA YA NNE: "Mbona uongo umeruhusiwa mahali patatu?"

Naam, imo katika Sahih Muslim kutoka kwa Ummu Kulthum binti Uqba (r.a.): kusuluhisha waliogombana, vitani, na maneno ya mume na mke. Nionyeshe wewe uko wapi katika hayo. Umesuluhisha nani? Uko vita gani? Huyo unayemdanganya ni mkeo, au ni binti wa watu ambaye hujampeleka hata mshenga? Ruhusa ile ni ya kujenga nyumba na kuzima moto. Usiichukue ukawashie moto.

HOJA YA TANO: "Basi hata anayetumia jina la kubuni ni mwongo?"

Hapana, na hapa tuwe waadilifu. Kuficha si kubuni. Dada anayeweka picha ya ua badala ya uso wake amejistiri, na amefanya vizuri. Mtu anayetumia lakabu, Abu fulani au Ummu fulani, ili asisumbuliwe, hana kosa, maana hakumwambia yeyote kwamba yeye ni mtu mwingine. Kufunga dirisha lako ni haki yako. Kosa ni kuchora dirisha ukutani ili mpita njia adhani kuna nyumba.

FEKI YA DINI

Sasa tuseme na sisi wenye vilemba, tusije tukawapiga vijana fimbo huku yetu tumeikalia.

Kufeki kubaya kuliko kote ni kufeki kwa jina la Allah. Kuna watu wanachukua picha za masheikh, wanafungua akaunti, wanaanza kuomba sadaka za mayatima na visima. Kuna wanaouza ruqya kwa simu, "tuma jina la mama yako na shilingi elfu hamsini". Kuna aliyehifadhi hotuba tatu kwa moyo na hajui kusoma Kiarabu, naye ameshakuwa mufti. Picha yangu mimi pia imetumiwa hivyo, na kuna watu wametuma sadaka zao huko. Kwa hiyo narudia, na mniweke shahidi: mimi sina akaunti ya pili, simtumii mtu ujumbe wa faragha kuomba pesa, na mchango wowote wa msikiti unatangazwa msikitini baada ya swala, kwa kamati, kwa risiti. Ukiona tofauti, si mimi.

Na kuna kufeki kwa ndani zaidi. Anayeamka usiku akapiga picha mswala kabla ya kuswali. Anayetoa futari kwa maskini, na kamera ikakaribia uso wa maskini kuliko sahani. Amepokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuhusu watu watatu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama: aliyekufa vitani, msomi na msomaji wa Qur'ani, na mtoaji mali. Kila mmoja anadai alifanya kwa ajili ya Allah, na kila mmoja anaambiwa amesema uongo, alifanya ili watu waseme, na watu wameshasema. Kisha wanaburutwa kwa nyuso zao. Amali zao zilikuwa za kweli. Kanzu ndiyo iliyokuwa na mikono ya kuunga. Hadithi hii inatuhusu sisi walinganiaji kabla ya mtu mwingine yeyote.

TUFANYE NINI?

1. Turudishe jina. Mtoto wako akikwambia "nimefeki", mwambie, "Mwanangu, umedanganya." Usicheke. Abubakrah (r.a.) amesimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa ameegemea akiyataja madhambi makubwa, na alipofika kwenye kauli ya uongo akakaa vizuri, akairudia na kuirudia mpaka maswahaba wakatamani anyamaze. Yeye aliinuka kwa ajili ya neno hili. Sisi tunalichekea.

2. Ndoa irudi kwenye njia yake. Mughira bin Shu'ba (r.a.) alipotaka kuoa aliagizwa akamtazame mchumba, yaani mtu mwenyewe. Fatima binti Qais (r.a.) alipokuja na majina ya waliomposa, Mtume (S.A.W.) hakumficha: alimweleza kwamba huyu hana mali, na yule fimbo haishuki begani mwake. Kwa hiyo, dada yangu, mtu akikutaka mtandaoni, hatua ya kwanza mpe namba ya walii wako. Mkweli atapiga. Kambare atakuwa na sababu. Ulizia msikiti anaoswali, imamu wake, ndugu zake, na anayedai yuko Oman au Ulaya, tafuteni Waswahili wa huko wamwone kwa macho. Na mchumba asiyeonekana asipewe hata shilingi ya vocha.

3. Walii, msiwaache. Wajane na mabinti wanatafuta waume kwenye simu kwa sababu kaka na wajomba wamewasahau. Akitapeliwa, msimtukane. Msaidieni, na mpelekeni polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Kenya ina yake ya mwaka 2018, na zote zinakataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao. Tunzeni jumbe na kumbukumbu za miamala, msizifute kwa aibu. Mwenye kuaibika ni tapeli.

4. Wewe uliyefeki, mlango wa toba uko wazi. Lakini toba ya haki za watu ina sharti la nne: baada ya kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, rudisha. Rudisha pesa. Mwambie ukweli uliyemdanganya. Futa akaunti. Ukiogopa aibu ya leo, kumbuka hadithi ya mufilisi katika Sahih Muslim: mtu anakuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, naye amemtukana huyu na amekula mali ya yule. Wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha, kisha anabebeshwa mabaya yao. Aliyejionyesha tajiri duniani anaonekana fukara mbele ya viumbe wote, na hakuna wa kumwazima hata jema moja.

Ndugu yangu, hali yako ndogo uliyopewa na Allah ni ya kweli. Chumba chako kimoja kinalipiwa kodi ya halali, na usingizi wako ndani yake ni wa halali. Usione haya nacho. Aliyekupa hicho anakuona, na anayekupenda kwa ajili Yake atakupenda ukiwa ndani yake.

Ewe Mola wetu, turuzuku ukweli katika kauli zetu na vitendo vyetu. Tusitiri kwa sitara Yako, usituache tujisitiri kwa uongo. Wafungulie dhulma walioibiwa mali na mioyo yao, warudishie kilicho bora zaidi. Waongoze waliowadhulumu watubie kabla ya kufikwa na mauti. Tujaalie tuwe pamoja na wakweli, duniani na Akhera. Amin, Amin, ya Rabbal alamin.

Wallahu aalam.

Mfikishie mwenzako somo hili, hasa dada aliye kwenye magrupu ya kutafuta wachumba. Huenda akasalimika na Allah akakuandikia.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.